Baridi ya Kiti Namba Sita

Jumatatu, 9 Februari

Joto. Saa nne asubuhi na kipimajoto cha sebuleni kinasoma thelathini na mbili. Shati limenata mgongoni kama stempu. Lakini leo ni siku ya ushindi. Kiyoyozi kimeingia nyumbani!

Tena si kiyoyozi hivi hivi. Ni kile chenyewe, cha chumba cha swichibodi, kwenye jengo la zamani la simu nilikofanya ufundi wa laini miaka thelathini na mmoja. Jengo linabomolewa. Wastaafu tuliitwa tukachukue kumbukumbu kabla tingatinga halijaingia. Wenzangu walichukua kalenda, kengele ya mezani, vibao vya milangoni. Mimi nimeondoka na kiyoyozi. Tumekibeba watu wanne, na mmoja wao mpaka sasa hanisemeshi.

Opareta alisimama mlangoni, mikono kiunoni. (Opareta ni mke wangu. Nilianza kumwita hivyo kazini, na sijaona sababu ya kubadilisha.) Akauliza kama dude lile litalala ndani au nje. Nikamwambia alitazame vizuri. Kweli halikumbuki? Limenguruma mgongoni kwake miaka kumi na minane! Akalitazama. Akasema analikumbuka, ndilo lililompa maumivu ya bega.

Mimi nakumbuka vingine. Nje lami inayeyuka, mbwa wamelala chini ya magari. Unapanda ngazi, unasukuma mlango mzito, na hapo uso wako unapigwa na baridi kama ya kufungua friji. Ndani wasichana kumi na wanne wamevaa masweta. Masweta, mwezi wa pili! Nyaya zinachomekwa na kuchomolewa, taa ndogondogo zinawaka, na sauti kumi na nne zinasema subiri kidogo, nakuunganisha. Na kiti namba sita, mwenye sweta jekundu, hageuki. Kila Jumanne nilikuwa nalegeza waya mmoja chumba cha chini, kisha napanda juu na bisibisi kutengeneza hitilafu ya kiti namba sita. Nilijipangia dakika kumi. Ilikuwa inanichukua saa nzima. Hitilafu ile ilikuwa ngumu kuliko nilivyoitengeneza, na mpaka leo sijui kwa nini.

Sasa shida yenyewe. Jana binti yetu alipiga simu. Anaishi juu milimani, ambako watu hulalia blanketi mbili. Anataka mama aende akae kwake hadi joto lipungue. Mwezi mmoja. Au mitatu. Baba hakutajwa. Nadhani mimi nahesabiwa kuwa sehemu ya nyumba, kama bomba. Tikiti ya basi ni ya Jumatano ijayo, tarehe 18, na Opareta ameshateremsha sanduku kutoka juu ya kabati. Anasema ni kulifuta vumbi tu. Limefutwa vumbi mara tatu.

Mimi si mtu wa kumwambia mtu usiende. Neno hilo halipiti kooni. Lakini nyumba ikiwa baridi, nani ataondoka? Mpango ndio huo. Nina siku tisa.


Jumanne, 10 Februari

Nimekiweka. Nimetoa kioo cha dirisha la sebuleni, nikakisukuma mpaka nusu yake ikatokeza nje, nikakiegemeza kwenye meza ya zamani na matofali mawili. Nimeziba pembeni kwa mbao. Kazi safi. Kidole gumba kimevilia damu.

Nimekiwasha saa saba mchana. Lo! Mngurumo uleule! Nilifumba macho nikajiona nina miaka ishirini na saba na nywele. Kina kitufe cha kuzungusha, moja mpaka kumi. Nimeweka kumi. Kwa nini mtu aweke tano kama kumi ipo?

Opareta akaniambia kitu. Sikusikia. Akarudia. Nikaitikia ndiyo kwa kichwa. Baadaye nikagundua nimekubali kumpa dada yake kabati letu dogo.

Saa tisa kipimajoto kilisoma thelathini na moja. Nimekigonga. Thelathini na moja. Saa mbili za mngurumo, nyuzi moja!

Opareta hakungoja. Kila alasiri hukaa kwenye baraza la Mwalimu, jirani yetu, wanapiga soga na mke wake. Mwalimu alifundisha jiografia miaka arobaini na hajaambiwa kwamba amestaafu. Hana kiyoyozi. Hataki. Anafungua madirisha yote alfajiri, anayafunga kabla jua halijapanda, anashusha mapazia ya upande wa magharibi, na mlangoni ananing'iniza shuka lililoloa. Opareta amerudi na habari kwamba sebuleni kwa Mwalimu ni nyuzi ishirini na nane. Sikumuuliza. Alinitajia tu, akipita, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Ishirini na nane! Kwa shuka!

Kipimajoto chake kibovu, hilo halina mjadala.


Jumatano, 11 Februari

Nimegundua hila ya adui. Baridi inavuja. Nimezunguka nyumba na karatasi nyembamba, nikiishika kwenye kila ufa, na kila mahali inapepea. Chini ya mlango, juu ya mlango, tundu la ufunguo. Nyumba hii ni kikapu!

Nimeziba kila kitu. Utepe wa gundi, mabunda matano. Magazeti chini ya milango. Tundu la hewa la jikoni nimelishindilia mto. Halafu nimebandika kanuni mlangoni, kwa herufi kubwa:

MLANGO UFUNGWE. UKIINGIA, INGIA UPESI. UKITOKA, FIKIRIA KWANZA.

Opareta alizisoma zote akiwa amesimama nje, mlango wazi, baridi yote inamwagika uani. Nikamwomba afunge. Akafunga, akiwa bado nje, akaanza kuzungumza nami kupitia mlango. Alitumia sauti yake ya kazini, ile tamu isiyo na haraka, ambayo sijaisikia miaka mingi. Akasema samahani bwana, laini ina shughuli, tafadhali jaribu tena baada ya chakula.

Nilisimama pale na bunda la gundi mkononi kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Chakula ndicho kilichoniponza. Alikaanga samaki na vitunguu. Moshi ukatafuta pa kutokea, haukupata, ukaja kukaa nasi sebuleni. Macho yakavimba. Nikavumilia, nikasema moshi wa baridi ni bora kuliko hewa safi ya moto. Opareta akachomoa mto jikoni, akanirushia, akaenda kwa Mwalimu na sahani yake.

Saa kumi: nyuzi thelathini. Na nusu. Nanuka kama kikaango.

Habari njema moja. Mgongo wa kiyoyozi unaelekea baraza la Mwalimu, unalipulizia upepo wa moto kama tanuri la mikate. Wamelikimbia! Nilichungulia pembeni ya pazia nikaona viti vinabebwa.

Habari mbaya ni kwamba wamevihamishia sebuleni kwake. Kwenye zile ishirini na nane.


Alhamisi, 12 Februari

Nilifikiri usiku kucha na asubuhi nikapata jibu. Jua! Nusu ya kiyoyozi iko nje, juani, inaungua. Nani awezaye kutoa baridi huku mgongo unaungua? Nikachukua turubai la zamani la gari, nikakifunika upande wa nje, nikakifunga kamba vizuri, mikunjo ndani, kama zawadi.

Dakika kumi na tano. Harufu ya mpira. Mngurumo ukawa kikohozi. Kisha kimya, na ndani ya kimya hicho nikasikia Mwalimu akicheka upande wa pili wa ua.

Tumemwita fundi wa viyoyozi. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, ovaroli la buluu, penseli nyuma ya sikio, mtu wa maneno machache. Alilitazama turubai kwa muda. Halafu akasema:

“Baba, huyu anakimbia, nawe umemvalisha koti.”

Nikamweleza kwamba mimi mwenyewe ni fundi. Akauliza wa nini. Nikasema wa simu. Akasema aa.

Ametoa turubai. Kivuli ni kizuri, anasema, lakini kiwe mbali, mashine ipumue. Kisha akafungua uso wa kiyoyozi akauliza chujio lilisafishwa lini. Nikauliza chujio gani.

Akachomoa kitu kama blanketi. Kijivu, kinene, kimeshikamana. Hewa haikuwa na njia hata ya sindano, anasema. Kiyoyozi kimekuwa kikivuta pumzi kupitia godoro miaka nenda rudi.

Akataka kulitupa lile blanketi. Nikamzuia. Nililipeleka dirishani nikalichambua kwa kucha. Halikuwa vumbi tu. Lilikuwa sufu! Nyuzi za sweta, maelfu. Kijani cha Namba Mbili, ambaye alikuwa akiimba kabla ya zamu. Njano ya Namba Tisa. Kahawia ya Msimamizi, aliyekuwa akitembea nyuma yao na saa mkononi. Miaka yote ile mashine ilikuwa ikiwavuta polepole, uzi kwa uzi, na kuwaweka. Na jekundu. Jekundu lilikuwa jingi kuliko yote.

Fundi akauliza kama naumwa. Nikasema ni moshi wa jana.

Amelisafisha chujio kwa maji na sabuni, akaacha likauke kivulini. Akaniachia mashauri: kitufe kiwe tano, si kumi, kwani kumi haileti baridi upesi, inachosha mashine tu. Feni ndogo isaidie kusambaza. Mapazia ya magharibi yashushwe mchana. Chumba kimoja tu, mlango umefungwa. Chujio lisafishwe kila wiki mbili. Na waya wa ukutani ni mwembamba, nisiwashe pasi wakati mashine inafanya kazi.

Nimeandika yote kwenye karatasi. Nimesahau nimeiweka wapi.


Ijumaa, 13 Februari

Nyuzi ishirini na saba! Chujio limeleta maajabu! Nimemshinda Mwalimu kwa nyuzi moja! Nilitoka hadi kwenye ua nikamtangazia. Akasema hongera, na kwake leo ni ishirini na sita na nusu, kwa kuwa usiku kulikuwa na upepo.

Sawa. Lakini tatizo kubwa ni lingine. Baridi iko sebuleni. Opareta hakai sebuleni. Yuko jikoni, au chumbani akikunja nguo karibu na lile sanduku. Nilimwomba akae sebuleni. Akauliza akae afanye nini. Nikasema apoe.

Kwa hiyo: baridi imfuate. Fundi alisema chumba kimoja, lakini fundi haishi na Opareta.

Nimeshona shuka nne ziwe bomba. Mdomo mmoja nimeufunga kwenye uso wa kiyoyozi, mwingine nimeupitisha ukumbini mpaka chumbani. Nimeutundika darini kwa kamba za nguo. Kumi. Washa!

Ah, lilikuwa jambo la kutazama. Bomba likajaa, likavimba, likanyooka, likaanza kutambaa ukumbini kama mnyama anayeamka. Nilimwita Opareta aje aone. Akaja, akaona, akauliza zile ni shuka zipi. Hapo ndipo nilipozitazama mara ya kwanza kwa makini. Zina maua pembeni. Alizitarizi mwenyewe mwaka tuliooana.

Kabla sijajibu mshono ukaachia. Mdomo wa bomba ukayumba, ukaikumba picha yetu ya harusi, saa ya ukutani na kofia yangu. Picha imepasuka kioo.

Opareta aliokota picha, akapangusa vipande, akaitazama. Akasema sweta lile alilovaa juu ya gauni siku ile lilikuwa la kuazima, kwani ukumbi ulikuwa na baridi. Nikasema ukumbi haukuwa na baridi hata kidogo, alikuwa anatetemeka kwa woga. Akasema aliyekuwa anatetemeka ni mimi. Tulibishana vizuri mpaka chai. Muda mrefu hatujabishana vizuri namna ile.

Halafu akaondoa shuka zake, akazikunja, akazitia sandukuni.

Sandukuni!


Jumamosi, 14 Februari

Nimelala na wazo, nimeamka nalo. Nimekuwa mjinga. Nimekuwa nikitafuta nyuzi, wakati mtu hakai mahali kwa ajili ya nyuzi. Hukaa kwa ajili ya watu! Chumba kile cha swichibodi hakikuwa kiyoyozi peke yake. Walikuwa wasichana kumi na wanne. Nitamrudishia chumba chake.

Nimekaa na simu tangu asubuhi. Kati ya kumi na wanne, wengine wako mbali, wengine hawapo tena. Nilikuta namba mbili ambazo wanaopokea ni watoto wao, wakasema mama alitutoka. Nikawapa pole, nikakaa kidogo kabla ya kupiga nyingine. Nimepata wanne: Namba Mbili, Namba Tisa, Namba Kumi na Moja na Msimamizi mwenyewe, ambaye sasa ana miaka themanini na alipokea kwa kusema jina la kituo chetu.

Nimewaambia waje kesho saa tisa alasiri. Waje na masweta.

Opareta hajui lolote. Nimemwambia kesho asiende kwa Mwalimu kwa sababu nina mafua. Akanigusa paji la uso, akasema sina. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Sijui anaipata wapi baridi ile, katika joto hili.


Jumapili, 15 Februari

Sijui nianzie wapi.

Walikuja. Wote wanne, saa tisa kamili, kama zamu. Masweta mikononi. Msimamizi na fimbo yake, na saa mkononi bado. Opareta alifungua mlango, akatoa macho, akapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake. Wakakumbatiana mlangoni wote watano, mlango wazi, na mimi, kwa mara ya kwanza wiki hii, sikusema ufungwe.

Mwalimu na mke wake nao wakaja. Sikuwaalika. Mwalimu alisema amesikia kelele akadhani kuna msiba.

Nikawapanga kwenye viti kwa namba zao, nikawaachia nafasi waliokosekana. Nikaweka kumi. Mashine ikanguruma, wakavaa masweta, wakacheka. Namba Mbili akaimba. Msimamizi akatembea nyuma ya viti akiwaambia waketi wima.

Lakini kuna jambo sikulipigia mahesabu: watu wanane chumbani ni jiko. Nyuzi zikapanda. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini, na masweta! Namba Kumi na Moja akaanza kujipepea na sahani. Nikaleta feni. Nikaleta feni ya Mwalimu. Nikaona chai imepoa, nikawasha birika la umeme.

Mlio mmoja tu. Pu!

Kila kitu kikazima. Sebule, nyumba, na nilipochungulia nje, nyumba ya Mwalimu pia, na duka la pembeni. Sisemi ni mimi. Nasema tu nilikuwa nimeshika birika.

Tukatoka nje wote. Tukakaa kivulini nyuma ya nyumba, kwenye viti na ndoo zilizopinduliwa, masweta yamewekwa mapajani. Kulikuwa na kaupepo. Wakaanza kuigiza simu za zamani. Yule mzee aliyekuwa akipiga kila Ijumaa kuuliza saa. Yule bwana aliyemposa mchumba wake laini ikakatika kabla hajajibiwa, na Namba Mbili akahangaika robo saa kumuunganisha tena huku chumba kizima kikishika pumzi. Alikubaliwa, wakapiga makofi, Msimamizi akawakata wote mshahara wa nusu siku, na leo akakiri kwamba yeye mwenyewe alipiga makofi, ila ndani ya mfuko. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Halafu Namba Tisa akanigeukia. Akasema na ile hitilafu ya Jumanne, fundi, ilipona? Wote wakaangua kicheko. Walijua! Chumba kizima kilijua kwamba nilikuwa nalegeza waya!

Nikataka kujitetea. Nikasema, kwa heshima ya taaluma, kwamba nilikuwa nalegeza waya mmoja tu, wa dakika kumi, na ile saa nzima ilikuwa hitilafu halisi, ya ajabu, ambayo hadi leo sijaielewa.

Wakamtazama Opareta.

Opareta akalishika sweta lake, akalipangusa kitu ambacho hakikuwapo. Akasema alikuwa akichomeka kibanio cha nywele kwenye tundu la kiti chake. Kila Jumanne. Asubuhi mapema, kabla sijapanda.

Miaka thelathini na saba nimejiona mjanja! Hitilafu zilikuwa mbili!

Hata Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na la kufundisha.


Jumatatu, 16 Februari

Umeme umerudi. Kiyoyozi hakijarudi. Nimekiwasha, nimekigonga, nimekibembeleza. Kimenyamaza.

Fundi amekuja na penseli yake. Alinusa kwanza, kisha akakifungua. Kompresa imeungua, akasema, na ya aina hii haitengenezwi tena popote. Nikauliza kama hakuna namna. Akaweka mkono juu yake kama anavyowekewa mgonjwa, akasema, “Baba, amefanya kazi. Mwache apumzike.”

Aliuliza kama nilifuata mashauri yake. Nikamwambia karibu yote.

Opareta amepiga pasi nguo za safari mchana kutwa. Hakuna tena wa kumzuia kuwasha pasi. Mara mbili nilisimama mlangoni mwa chumba nikiwa na sentensi mdomoni. Mara ya kwanza nikamuuliza ameona koleo langu. Mara ya pili nikamuuliza kama bado ameona koleo langu. Lilikuwa mkononi mwangu.


Jumanne, 17 Februari

Leo ndiyo siku ya mwisho. Nimebandua gundi kila mahali, nimetoa magazeti, nimefungua madirisha yote. Nyuzi thelathini na tatu. Sijali. Sanduku liko ukumbini, limefungwa mkanda.

Saa kumi alasiri simu ililia. Binti yetu. Opareta alikuwa amekwenda kumuaga mke wa Mwalimu, kwa hiyo nikapokea mimi. Akauliza mama yuko tayari. Nikasema yuko. Akauliza nitamfikisha stendi saa ngapi. Nikasema saa moja na nusu. Akauliza kuna kitu kingine. Nikasema hakuna.

Halafu sijui ilitoka wapi. Nilimwambia, mwanangu, mama yako akiondoka, humu ndani tutabaki mimi na mashine, na mashine yenyewe imekufa. Nikamwambia joto silijali, sijawahi kulijali. Nilikuwa napanda ngazi zile kila Jumanne kwa sababu ya mtu, baridi niliikuta tu pale juu. Nikamwambia siwezi kumwambia mama yake asiende kwa kuwa ataniuliza kwa nini, nami sitajua nianzie wapi. Niliongea mengi. Kutoka kwa mtoto nilisikia mikwaruzo tu. Nadhani alikuwa akilia, au laini ilikuwa mbaya.

Nyuma yangu ikaja sauti. Tamu, isiyo na haraka.

“Dakika tatu zimekwisha, bwana. Niongeze au nikate?”

Alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. Ametulia, viatu mkononi, kama mtu aliyeingia kwa kunyata.

Simu bado iko sikioni. Neno lile lililokataa kupita siku tisa lilikuwa palepale, limekwama. Likapita lingine.

“Ongeza,” nikasema.

Akachukua simu, akamwambia binti kwamba tikiti hiyo ampe mtu mwingine, na kama anawataka wazee wake aje yeye mwenyewe mwisho wa mwezi, aje na blanketi zake mbili aone kama atazihitaji. Kisha akakata. Akafungua mkanda wa sanduku, akatoa shuka zake, akaenda kutandika kitanda.


Jumatano, 18 Februari

Basi limeondoka saa mbili bila yeye. Tulikunywa chai nje, kivulini. Mwalimu alipita uani akatuona, akajifanya anatazama mawingu.

Nilimuuliza Opareta ni kitu gani hasa kilichombakisha. Akanisogezea kikombe, akasema mtu mzima haulizi maswali kama hayo, na nimwongezee sukari.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa, hatua kwa hatua, kama inavyopaswa kutafuta hitilafu. Jumatatu alitaka kuondoka. Ijumaa alitaka kuondoka. Jumapili walikaa kwenye baridi, japo kwa dakika ishirini tu. Jumanne akabaki. Jibu liko wazi kama mchana.

Ni kiyoyozi!

Kimefia kazini, lakini kimemzuia. Sasa nifikirie: kama kile kizee kilichokuwa kimeziba pua kiliweza hivyo, kikubwa zaidi kitafanya nini?


Jumamosi, 21 Februari

Bucha la mtaa wa nyuma linafungwa. Mwenye bucha ni mtu mwelewa. Chumba chake cha kuhifadhia nyama kina mashine ya baridi kubwa kama ng'ombe mwenyewe, na anampa yeyote atakayeiondoa. Yeyote! Nimeshaipima. Haiingii dirishani. Inahitaji tundu ukutani, urefu wa hatua moja na nusu, upana vilevile.

Opareta yuko kwa mke wa Mwalimu mpaka saa kumi na moja. Nimemwomba Mwalimu nyundo kubwa. Akauliza ya nini. Nikamwambia jiografia.

Nimechagua ukuta wa chumbani, ili baridi ianzie anapolala. Nimechora mstari kwa penseli, sawasawa kabisa. Nikatema mate viganjani. Nimegonga mara tatu tu, na ukuta ukaitikia vizuri, laini, bila ubishi.

Kumbe upande wa pili wa ukuta ule ni jikoni, na ndipo lilipoegemea kabati letu la vyombo.

Nimekaa juu ya kifusi naandika haraka. Kumebaki bakuli mbili na mfuniko. Namsikia Opareta akikokota viatu uani, amerudi mapema. Lakini hata yeye atakiri kwamba tangu tundu hili lifunguke, kuna kaupepo.